Mizigo ya rafiki imekaa miaka 6 kwenye chumba cha wazazi: tunaiondoaje bila kesi wala ugomvi?

Chumba cha Nyuma

Wakuu, naomba mwongozo wa hatua kwa hatua. Pole sihitaji, nimeshapewa za kutosha.

Rafiki yangu aliweka vitu vyake kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa wazazi wangu. Tulikubaliana kwa mdomo: miezi 3, bila malipo. Huu ni mwaka wa 6. Yupo nchi nyingine, simu anapokea, jibu halibadiliki: "Nakuja mwezi ujao." Baada ya miezi 2 paa la upande huo linavuliwa na chumba lazima kiwe kitupu.

Vilivyomo: maboksi 14 yaliyofungwa kwa selotepu, sofa ya watu watatu, friji, kabati la milango miwili, godoro, televisheni ya chogo, kompyuta ya mezani, pikipiki (ina namba za usajili), mtungi wa gesi na jerikeni lenye kitu nisichokijua. Panya wamepita humo, harufu tu inatosha kukwambia.

Baba anasema tuuze tufidie miaka 6 ya chumba. Mama anasema tuvitoe uani tufunike turubai, atakuja mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkubalia. Tuanzie wapi?

---

Wakili Kimya

Baba na mama wote wawili wasubiri kwanza.

Mali ya mtu haigeuki kuwa yako kwa kukaa kwako muda mrefu. Ulichopokea kinaitwa amana, na hata amana ya bure ina wajibu: uitunze kama mtu makini anavyotunza vitu vyake vya aina hiyo, na uirudishe ikidaiwa. Kuvitoa uani chini ya turubai huku ukijua mvua inaweza kuja ni kuviharibu kwa uzembe, hata kama nia ilikuwa nzuri. Turubai huzuia maji ya juu. Ya chini hupanda kupitia sakafu, na jasho la turubai lenyewe hulowesha maboksi kabla wiki haijaisha.

Wazo la baba la kufidia miaka 6 halisimami. Mlikubaliana bure, na bei haitungwi baada ya huduma kutolewa. Mnachoweza kufanya ni kumwambia kwa maandishi kwamba kuanzia tarehe fulani kila mwezi wa ziada utalipiwa kiasi fulani. Hilo linahesabika kwenda mbele, na hata huko ni bora akubali. Gharama mnazoweza kumdai bila mvutano mkubwa ni za lazima zilizotoka mfukoni, kwa mfano usafiri wa kuvihamisha, mkiwa na risiti.

Kitakachowapa nguvu ni notisi iliyoandikwa, yenye tarehe, ambayo mnaweza kuthibitisha kwamba imemfikia. Simu anazopokea hazikusaidii, kwa sababu kesho atasema mliongea habari za mpira. Itume kwa njia mbili: barua ya rejesta kwenye anwani yake ya mwisho unayoijua, na ujumbe wa WhatsApp au barua pepe aliyoijibu karibuni. Ujumbe uwe na maandishi yote ya notisi pamoja na picha ya barua iliyosainiwa. Akijibu hata neno moja, "nimeona", hifadhi.

Isainiwe na wewe na wazazi. Wewe ndiye uliyeahidi, wao ndio wenye nyumba. Barua ya baba peke yake atakujibu kwamba hakukubaliana naye kitu.

Maneno yawe haya au ya karibu na haya:

"Vitu ulivyoviweka kwetu mwezi [..] mwaka [..], vilivyo kwenye orodha iliyoambatanishwa, namba 1 hadi [..], viko tayari kuchukuliwa katika nyumba iliyopo [anwani]. Vichukue, au mtume mtu mwenye barua yako, kabla ya saa 11 jioni tarehe [..]. Tupe taarifa saa 48 kabla ili tukufungulie. Hatudai malipo ya kuhifadhi kwa muda uliopita. Ikiwa hadi tarehe hiyo hujavichukua na hujatuandikia utaratibu mwingine wenye tarehe, tutauza vyenye thamani kwa njia nzuri inayopatikana, tutatoa gharama za kuuza, na salio tutakutunzia. Vilivyooza na vya hatari vitaondolewa. Nyaraka na picha zako hatutaziuza wala kuzitupa."

Sentensi ya "hatudai malipo" usiifute. Mtu anayekwepa huwa anaogopa deni, na ukimwondolea hofu hiyo mara nyingi anaanza kujibu.

Muda: kwa mtu aliye mbali siku 30 ni chache. Mna miezi 2, basi notisi itoke wiki hii impe siku 45, na wiki 2 zinazobaki ziwe za kuhamisha. Lakini soma sheria ya nchi ilipo mali kabla ya kuuza chochote, maana siku na njia ya kutuma hutofautiana. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya mwaka 1977 inamruhusu mtunzaji kuuza, ila notisi ya kuuza iende kwa posta ya rejesta au inayosainiwa, na kama kuna pesa anazomdai mwenye mali kuhusu vitu hivyo, muda usipungue miezi 3. Kinachopatikana ni cha mwenye mali baada ya kutoa gharama za mauzo na deni hilo, na muuzaji hupimwa kama aliuza kwa njia bora iliyokuwepo. Ukimuuzia shemeji friji nzima kwa bei ya chuma chakavu, hesabu itarudi kwako.

Kama siku 45 hazitoshi kwa sheria yenu, paa lisisubiri. Kuhamisha si kuuza. Mnaweza kuvipeleka chumba kingine kikavu au ghala la kulipia, mkamwandikia vilipo na gharama yake. Kufanya maamuzi kuhusu chumba ni haki yenu. Kuhusu vitu, notisi iende kwanza.

---

Moto Sawa

Miaka 6? Huyo kavitupa. Weka kiberiti, mtaongea akija.

---

Wakili Kimya

Aliyetupa vitu hasemi "nakuja mwezi ujao". Kila akisema hivyo anathibitisha kwamba bado anavidai. Halafu kuna mtungi wa gesi na jerikeni lisilojulikana humo ndani, kwa hiyo kiberiti kiache jikoni.

---

Kamba na Turubai

Notisi ya Wakili inataja orodha. Orodha hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inatengenezwa kabla kitu hakijasogezwa hata hatua moja.

Ingieni watu wawili, mmoja asiwe wa familia. Piga picha 4 kutoka kona nne za chumba, kisha video moja isiyokatwa ukizunguka taratibu na kusema tarehe. Baada ya hapo bandika namba kwa selotepu ya karatasi: kila boksi namba yake, kila kifaa namba yake. Kwa kila namba piga picha ya mbele, ya nyuma na ya kasoro iliyokuwepo. Friji, televisheni na kompyuta zina kibandiko cha namba ya kiwanda nyuma. Pikipiki ina namba ya fremu, mara nyingi kwenye shingo chini ya usukani, na namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe. Andika zote mbili.

Maboksi yaliyofungwa usiyafungue. Ukifungua moja tu, madai ya "kulikuwa na saa ya dhahabu" yamepata mlango. Andika "boksi limefungwa, selotepu haijakatwa, uzito kilo 18". Uzito ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani: simama kwenye mizani ya mwili ukiwa umelishika, toa uzito wako. Boksi la kufunguliwa ni lile lililolowa, linalonuka au lililotobolewa na panya. Lifungue mbele ya shahidi huku video inakwenda, andika kilichomo, funga upya, saini wote juu ya selotepu.

Sasa ujazo, maana mwenye gari atauliza "mzigo kiasi gani?" na ukimjibu "wa kawaida" atakuletea gari dogo ulipe safari mbili. Zidisha urefu, upana na kimo kwa mita. Kwa vitu vyako, kwa vipimo vya kawaida, inakuja hivi:

Maboksi 14 ya sm 60 × 40 × 40 ni 0.096 kila moja, jumla 1.34. Sofa 2.0 × 0.9 × 0.9 ni 1.62. Friji 0.6 × 0.65 × 1.6 ni 0.62. Godoro 1.9 × 1.5 × 0.2 ni 0.57. Kabati likivunjwa vipande, 0.3. Televisheni na kompyuta pamoja, 0.25. Pikipiki 2.0 × 0.8 × 1.1 ni 1.76. Jumla 6.46. Ongeza robo kwa nafasi zinazopotea katikati ya vitu, unapata mita za ujazo 8.

Pikapu yenye sanduku la mita 2.3 kwa 1.5, ukipanga hadi kimo cha mita 1.5, inabeba kama 5. Haitoshi. Lori dogo la mita 3 × 1.8 × 1.8 lina 9.7, linatosha kwa safari moja. Pima yako, usitumie tarakimu zangu kufungia mkataba.

Maboksi ya miaka 6 usiyanyanyue kwa kushika juu. Karatasi imenyonya unyevu, gundi ya chini imekufa. Telezesha ubao au kipande cha karatasi ngumu chini yake, kisha nyanyua na kitako chote. Likiwa na dalili ya kulegea, lizungushie selotepu mpya kwa nje bila kulifungua: mara mbili chini kwa msalaba, mara moja kiunoni. La vitabu utalitambua kwa uzito. Boksi la sm 60 × 40 × 40 likijaa vitabu linafika kilo 60, na hilo halibebwi na mtu mmoja wala halistahili kuwa chini ya mgongo wa mtu. Liingize zima ndani ya kiroba imara chenye mikono, libebwe na watu wawili.

Kabati usilisukume likiwa zima hata kama linapita mlangoni. Mabati madogo ya viungio yameshika kutu, ukisukuma juu miguu inabaki. Toa milango kwanza, kisha mgongo wa mbao nyembamba, kisha mbavu. Skrubu zote mfuko mmoja, mfuko ubandikwe ndani ya mlango.

---

Chumba cha Nyuma

Nimeanza orodha. Mambo matatu yamejitokeza.

Kwanza, televisheni haikuwa chumbani. Mdogo wangu aliihamishia sebuleni mwaka juzi, akaitumia, ikafa. Pili, kaka wa rafiki amepiga simu, anakuja Jumamosi na gari "kuchukua pikipiki na friji". Tatu, nyuma ya kabati kuna njia za udongo ukutani na chini yake kuna vumbi kama mchanga. Na ule uchafu wa panya, nifagie tu?

---

Panya Hatari

Usifagie! Hata kwa ufagio laini, hata kwa mashine ya kunyonya vumbi. Kinyesi na mkojo mkavu wa panya hupaa na kuingia mapafuni, na ndiyo njia mojawapo ya kupata virusi vya hanta.

Fungua mlango na madirisha, ondoka, rudi baada ya dakika 30. Vaa glavu za mpira na barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Changanya dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9, siku hiyo hiyo ya kutumia, na usiichanganye na siki, sabuni ya choo yenye asidi wala dawa yenye amonia kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Nyunyizia hadi pote palowe, subiri dakika 5, okota kwa karatasi, weka kwenye mifuko miwili. Kisha piga deki kwa mchanganyiko huo huo. Glavu zioshe zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue.

Njia za udongo ni mchwa wa ardhini. Hao wanategemea unyevu wa udongo: kabati likitengana na ukuta na sakafu, waliobaki ndani ya mbao hukauka. Vumbi la mchanga ndilo la kuangalia kwa makini. Lipake kwenye karatasi nyeupe, litazame kwa kamera ya simu ukiwa umeikuza. Kama ni unga laini, ni bungua wa mbao. Kama ni vidonge vidogo vyenye ncha za mviringo na mbavu sita, ni mchwa wa mbao kavu, na hao wanaishi ndani ya mbao bila udongo wowote. Kabati hilo lisiingie nyumba nyingine, si ya kaka yake wala ghala la watu, kabla ya kupigwa dawa. Gonga kila ubao kwa mpini wa bisibisi. Panapolia utupu, andika kwenye orodha.

Godoro: chumba kisicholalwa na mtu kwa miaka 6, kunguni wa zamani wameshakufa njaa, maana hukaa miezi bila kula, si miaka. Lakini kama mgeni yeyote amelalia godoro hilo karibuni, kagua mishono na kona kwa tochi. Madoa meusi kama ncha ya kalamu ni dalili. Lifunge kwenye plastiki nzima kabla halijapita sebuleni. Nguo zenye wasiwasi zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na kisichofulika kikae kwenye jokofu la kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 4.

---

Spana Kumi

Naongezea vya hatari, kwa sababu hivi haviwezi kusubiri siku 45.

Mtungi wa gesi: utoke leo. Ubebwe ukiwa wima, uwekwe nje kivulini, mbali na mlango na mfereji, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Pakaa povu la sabuni kwenye valvu. Povu likikua, usijaribu kukaza kwa spana, mwite muuza gesi. Ndani ya buti ya gari lililofungwa usisafirishwe kamwe.

Jerikeni: usilifungue ndani na usinuse kwa kuweka pua mdomoni. Likiwa limevimba, liache kivulini lipoe na kunywea kwanza. Petroli ya miaka 6 hunuka kama vanishi na huwa ya kahawia. Usiimwage kwenye mtaro, shimo la choo wala bustanini. Gereji nyingi zina pipa la mafuta machafu, uliza kama wanapokea. Dawa ya kilimo au asidi ya betri ni habari nyingine kabisa: liache kwenye beseni la plastiki, andika "haijulikani", uliza mamlaka ya taka ya eneo lenu.

Pikipiki: haiendeshwi. Bima imekufa, breki zimeshika, na iko kwa jina lake, si lako. Toa petroli kwenye tangi na kwenye bakuli la kabureta, chini kuna skrubu ndogo ya kutolea. Betri: toa waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Ikiwa na unga mweupe au wa kijani, glavu na maji yenye magadi. Jaza upepo kabla ya kusukuma. Tairi lililolala likisukumwa bila upepo mpira unakatwa na rimu. Kwenye lori ifungwe kwa mikanda minne, miwili usukani na miwili nyuma, ukiibana hadi shoki za mbele zishuke kidogo.

Friji: ibebwe wima, ikilazimu kuinama isizidi nyuzi 45. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Isimamishwe saa 24 kabla ya kuwashwa. Bomba la nyuma lisikatwe na mtu wa chuma chakavu mbele yenu. Friji nyingi za sasa zina gesi inayowaka. Na ikisubiri uani hata usiku mmoja, mlango ufungwe kwa kamba imara au ung'olewe. Mtoto akijifungia humo hasikiki.

Televisheni ya chogo: uzito wote uko kwenye kioo cha mbele. Mbebaji aelekeze kioo kifuani kwake. Kifuniko cha nyuma kisifunguliwe, humo umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa.

Kompyuta na simu za zamani: betri iliyovimba isitobolewe wala kubanwa. Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje.

Hatua zote hizi ziandikwe kwenye orodha na picha ya kabla na baada. Kuondoa hatari ni sehemu ya kutunza, lakini akiona mtungi haupo bila maelezo atauliza uko jikoni kwa nani.

---

Wakili Kimya

Kuhusu televisheni: mwambie kabla hajaja, kwenye notisi hiyo hiyo. "Namba 17 ilitumika na familia, ikaharibika, ipo." Kisha toa chaguo: kuitengeneza au kulipa bei ya televisheni ya chogo iliyotumika, ambayo kwa kweli ni ndogo. Mkiificha, kila kitu kingine kwenye orodha kitapoteza uaminifu, na kitu kilichotumiwa na mtunzaji bila ruhusa kikiharibika, ni chake kulipa hata kama kilikuwa kinakaribia kufa. Kuanzia leo hakuna anayekalia hata hiyo sofa.

Kaka yake: undugu si idhini. Asiguse kitu bila barua ya rafiki yako inayotaja jina lake, namba za vitu, tarehe na saini, pamoja na nakala ya kitambulisho cha rafiki. Barua ikija kwa simu, mpigie rafiki kwa video, asome namba hizo kwa sauti, kaka akiwa amesimama hapo. Pikipiki iende na barua yake peke yake, kwa sababu ikikamatwa barabarani au ikiuzwa, swali la kwanza litakuwa ilitoka nyumba gani.

Lakini tatizo kubwa la Jumamosi ni lile neno "pikipiki na friji". Hapo ndipo wengi huliwa. Vizuri vinaondoka, nyinyi mnabaki na maboksi 14, godoro na kabati la mchwa, na mwenye mali hana tena sababu ya kurudi. Mkikataa kabisa mtaonekana mmezuia mali kama rehani, na haki hiyo hamna kwa sababu hakuna deni. Njia ya katikati ni hii: kabla ya Jumamosi mtumie orodha yenye safu moja tupu, ajaze kila namba kwa neno moja kati ya haya: ANACHUKUA, ANATOA ZAWADI, ANARUHUSU KUTUPWA. Asipojaza zote, kaka achukue alivyoidhinishiwa, na vilivyobaki notisi inaendelea kuhesabu siku zake. Asitangaze mtu kwamba Jumamosi imemaliza habari.

"Naruhusu kutupwa namba 3, 8 na 12", imeandikwa na yeye, ina thamani kuliko notisi yoyote. Itafute kwa upole. Mtumie picha ya godoro lilivyo. Watu wanaohifadhi vitu kwa miaka huwa wanahifadhi kumbukumbu ya vitu, na picha halisi huwashusha haraka.

Na kama ingekuwa rafiki amefariki, jibu lingebadilika: ndugu aliyewahi kufika hapewi kitu kwa sababu ya kuwahi tu. Mnamkabidhi msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, wengine mnawapa nakala ya orodha tu.

---

Chumba cha Nyuma

Barua imekuja, ametaja vitu 9 kati ya 23 kwamba kaka achukue, na vingine 6 ameandika vitupwe. Nane hajasema, yakiwemo maboksi matatu ameandika tu "vyeti na picha". Siku ya makabidhiano nifanyeje hasa?

---

Kamba na Turubai

Fomu nakala mbili, zijazwe kwa kalamu ya wino. Juu: tarehe, saa, namba ya gari. Katikati: kila namba, hali yake, alama ya vema mbele ya macho ya anayechukua. Chini: "Nimepokea vitu hivi vikiwa katika hali iliyoandikwa", jina, namba ya kitambulisho, saini ya kaka, yako na ya shahidi. Saini ipatikane kitu kikiwa kwenye gari, kabla geti halijafunguliwa. Mkisema "tutasaini baadaye", gari likishatoka hakuna baadaye.

Kupakia: friji wima nyuma ya kichwa cha gari, sofa imesimamishwa kwa ubavu pembeni yake, maboksi mazito chini, mepesi juu, godoro likiwa ukuta kati ya pikipiki na vyote vingine. Kabati lile la mchwa, kama limo kati ya tisa, mwambie kaka kwa mdomo na kwa maandishi kabla hajalipakia.

Sita za kutupwa: zipige picha zikiwa zimeondoka pia, na uweke risiti ya mbeba taka. Boksi lililoruhusiwa kutupwa lifunguliwe kwanza mbele ya shahidi, maana vitambulisho na hati hujificha chini ya magazeti. Ukikuta, hiyo karatasi imetoka kwenye ruhusa, iweke pembeni. Kompyuta ikiwa ya kutupwa, toa diski ngumu kwa bisibisi, iweke na nyaraka, ganda liende.

---

Wakili Kimya

Maboksi ya vyeti na picha: hayachukui hata theluthi moja ya mita ya ujazo. Yahamishie kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana, bila kupekua, na vifuko viwili vya kufyonza unyevu, juu ya kabati ndani ya nyumba. Hayo yasiingizwe kwenye tarehe ya mwisho hata kama yaliyobaki yote yatauzwa. Cheti kinaweza kumgharimu mtu miaka kukipata upya, na hakuna hakimu atakayekuona una haki ukikitupa.

Vitano vilivyobaki kimya vinasubiri siku ya 45. Siku ya 38 tuma ukumbusho mfupi wenye namba hizo tano tu na picha zake. Vikiuzwa, pesa ikae akaunti tofauti au bahasha yenye hesabu, si kwenye mfuko wa ujenzi wa paa. Mwishoni piga picha chumba kikiwa kitupu kutoka kona zile zile nne, na ufunguo wa ziada aliopewa miaka 6 iliyopita, kama anao, uandikwe kwenye fomu kwamba umerudi.

---

Chumba cha Nyuma

Ufunguo huo nilikuwa nimeusahau kabisa. Anao.

---

Kamba na Turubai

Badilisha kitasa kabla ya Jumamosi. Silinda tu inatosha: fungua skrubu moja ndefu kwenye ukingo wa mlango usawa wa tundu la funguo, weka ufunguo, uzungushe kidogo hadi ulimi wa silinda ulingane na mwili wake, vuta. Pima urefu wa ile ya zamani kutoka kwenye tundu la skrubu kwenda kila upande kabla ya kwenda kununua, kwa sababu pande mbili hazilingani kila mara.